Hesabu ya Fundi Stima

Koili ya jiko la umeme ikikatika, mpangaji wa mtaa wa Karagita hamwiti fundi. Anangoja ipoe, anakata kipande kilichoungua, anazisokota ncha mbili pamoja na kuirudisha kwenye mfereji wake. Jioni hiyo chai inachemka upesi kuliko zamani, naye anajisifu. Fundi stima akisikia habari hizo hacheki. Anauliza tu: umekata kiasi gani?

Tuseme jiko lilikuwa likivuta ampea 4 kwenye volti 240. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani wa omu 60. Zizidishe, unapata wati 960. Robo ya koili ikiondoka, ukinzani unashuka hadi omu 45, mkondo unapanda kufikia ampea 5.3 hivi, na jiko sasa linakula wati 1,280. Waya umepungua, moto umeongezeka! Na mkondo huohuo unapita kwenye soketi na kwenye waya mwembamba wa ukutani, ambao hakuna aliyeuuliza kama unauweza.

Kwangu mimi uzuri wa kazi hii ni kwamba namba mbili zinatosha kukuambia yaliyomo ndani ya kitu usichokifungua. Lakini zinataka akili. Chukua balbu ya uzi ya wati 60, zile za zamani. Ipime ikiwa imezimwa, mita itasoma chini ya omu 100. Iwashe, upime mkondo: robo ampea. Gawanya 240 kwa 0.25, ni omu 960. Mita haikudanganya. Uzi ulikuwa baridi, na ukinzani wake hupanda kadiri unavyopata moto. Pampu za mashamba ya maua nazo zina ukaidi wao: kwenye mota mkondo huchelewa nyuma ya volti, kwa hiyo kuzidisha peke yake kunakupa zaidi ya wati halisi.

Georg Ohm, mwalimu wa shule wa Ujerumani, alichapisha kitabu chake chenye hesabu hii ya volti na mkondo mwaka 1827. Betri za wakati wake hazikutulia, basi alipata umeme wa kutegemewa kwa kuunganisha metali mbili, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu. Olkaria, ambako mvuke wa ardhini unazungusha mitambo tangu 1981, ingempendeza. Sehemu ya umeme wa huko huondoka kwa volti 220,000, na sababu ni hesabu hiyohiyo: kwa nguvu ileile, volti zikizidishwa mara 20, mkondo unabaki sehemu moja ya 20, na joto linalopotea kwenye nyaya linashuka hadi sehemu moja ya 400.

Ndani ya ploti ya wapangaji mambo ni madogo zaidi, na ndiko ninakopenda kumtazama fundi. Saa mbili usiku, kila mtu anapika. Kwenye mita ya stima anasoma volti 240. Kwenye chumba cha mwisho, 200. Waya unaopeleka umeme vyumbani unabeba ampea 20. Volti 40 kwa ampea 20: kuna omu 2 zilizojificha njiani, nazo zinatoa wati 800 za joto mahali pasipo na sufuria. Anazima swichi kuu, anachukua tochi, na kuanza kukagua maungio.