Kitabu Kile Kilikuwa cha Babli

Wengi wetu tushawahi kusoma kitu, riwaya, shairi, hata posti ndefu ya mtu tusiyemjua, tukasema: huyu msee ananijua. Hajawahi kukuona, hajui kama unakaa Umoja ama Kitengela, lakini ameandika vile unavyowaza saa nane usiku ukikosa usingizi. Ni raha fulani hivi. Na ukiiendekeza inaweza kukufanya ufunge safari kumtafuta mtu ambaye hajui hata kama upo. Bareilly Ki Barfi, filamu ya Kihindi ya mwaka 2017 iliyoongozwa na Ashwiny Iyer Tiwari, inaanzia kwenye raha hiyo.

Nitaimwaga stori yote mpaka mwisho, kwa hivyo kama hujaiona na hupendi kuharibiwa utamu, itazame kwanza. Ni kama saa mbili tu.

Bitti Mishra (Kriti Sanon) anaishi Bareilly, mji wa jimbo la Uttar Pradesh kaskazini mwa India. Babake ana duka la vitamutamu, na barfi ya kwenye jina la filamu ni ile ya maziwa inayokatwa vipande, ambayo hata Ngara na Mombasa utaipata. Bitti anafanya kazi kwenye ofisi ya umeme, upande wa malalamiko. Anavuta sigara, anacheza breakdance, na posa zinakuja na kuondoka. Mmoja wa waliokuja kumposa anamuuliza kama bado ni bikira. Bitti anamrudishia swali: na wewe je? Posa inaishia hapo. Siku moja anachoka, anaamua kutoroka nyumbani, na pale stesheni ya treni ananunua riwaya ya bei rahisi ya kusoma njiani. Inaitwa Bareilly Ki Barfi. Shujaa wake ni msichana wa mji wake, mwenye tabia zake, mwenye ukaidi wake. Kwenye jalada kuna jina la mwandishi, Pritam Vidrohi, pamoja na picha yake. Bitti haondoki tena. Anarudi nyumbani kumtafuta mwanamume huyo anayemjua.

Shida ni kwamba Pritam hakuandika hata sentensi moja. Mwandishi ni Chirag Dubey (Ayushmann Khurrana), mwenye mtambo wa kuchapisha pale mjini, ambaye aliachwa kwa mataa na mpenzi wake Babli akaumwaga uchungu wake kwenye karatasi. Hakutaka jina lake litokee. Akamshika Pritam (Rajkummar Rao), kijana mpole anayeogopa hata kivuli chake, akaliweka jina lake na sura yake kwenye jalada, kisha akamlazimisha ahame mji. Bitti anapokuja kumuuliza Chirag habari za Pritam, Chirag anampenda. Anakubali kupeleka barua zake, na majibu anayaandika mwenyewe. Bitti akikaza kwamba lazima wakutane uso kwa uso, Chirag anamfuata Pritam huko Lucknow, anakouza sari, anamrudisha na kumfundisha ujeuri ili Bitti amchukie. Pritam anaiva kwenye somo hilo kupita mwalimu.

Fomula hii ni ya zamani. Tangu Edmond Rostand alipoandika tamthilia ya Cyrano de Bergerac mwaka 1897, tumezoea mwanamume mmoja kuandika na mwingine kupendwa. Bollywood yenyewe ilishaichezea kwenye Saajan ya 1991, ambapo Madhuri Dixit anampenda mshairi kabla ya kumwona, na mshairi anampisha ndugu yake ajifanye ndiye. Lakini angalia maneno yanamwendea nani. Cyrano anamwandikia Roxane, na anamjua vizuri Roxane. Maneno yamefika kwa mwenyewe. Kilichokosewa ni sura ya mwandishi tu.

Bareilly Ki Barfi imekwenda mbali zaidi. Filamu hii imetokana na riwaya ya Nicolas Barreau inayojulikana kwa Kiingereza kama The Ingredients of Love, ambayo hadithi yake iko Paris. Kule pia kuna mwanamke anayejikuta ndani ya kitabu, na kuna mwandishi aliyejificha nyuma ya jina la uongo. Lakini mwandishi wa Paris alikuwa amemwona mwanamke huyo kupitia dirisha la mkahawa wake, akapenda tabasamu lake, akaliandika. Kitabu kilimhusu kweli. Alipojitambua, alikuwa sawa.

Waandishi wa filamu, Nitesh Tiwari na Shreyas Jain, wameligeuza jambo hilo moja, na mabadiliko hayo madogo yamebeba kila kitu. Kitabu cha Chirag kinamhusu Babli. Wakati anakiandika, Bitti hakuwa kichwani mwake hata kidogo. Kwa hivyo Bitti amekosea mara mbili: amempenda mtu ambaye hakuandika, kwa sababu ya maneno ambayo hakuandikiwa. Na Chirag naye, anapomtazama Bitti akishangaa vile anavyofanana na kitabu, anamtazama nani hasa? Mbele yake ameketi dem mzima, mwenye kazi yake na hasira zake, na yeye anamlinganisha na kumbukumbu za ex.

Hapo ndipo filamu ilikuwa na kitu kikubwa mkononi. Swali lililomtoa Bitti nyumbani ni kama kuna mwanamume anayeweza kumpenda alivyo, na sigara zake na mdomo wake. Jibu analopewa ni mwanamume aliyempenda kwa sababu anafanana na mwingine. Nilitazama nikingoja dakika ambayo Bitti atamwuliza Chirag: ulipokuwa unaandika barua zile, ulikuwa unaniandikia mimi ama ulikuwa unamalizia kitabu? Dakika hiyo haikuja. Babli anabaki pembeni, kama ngazi iliyokwisha kupandwa.

Badala yake tunapewa Pritam, na siwezi kudanganya, Rajkummar Rao anakula filamu nzima. Kuna vipande ambapo anatoka kwenye unyonge hadi ujeuri na kurudi, ndani ya pumzi moja: mabega yanapanda, sauti inazama, macho yanalegea kama ya jamaa wa steji anayejua makanga wote wanamwogopa, kisha Chirag anageuka, na kijana anasinyaa tena. Tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi aliyopewa mwaka 2018 ilikuwa haki yake, na mwongozaji pia alipata yake usiku huohuo. Lakini cheka ukijua unachokicheka. Pritam ni mtu aliyeibiwa jina na sura, akafukuzwa kwao, kisha akaitwa arudi aigize uharibifu wa jina lake mwenyewe. Tukiuhamisha mchezo huu kwenye simu, tuna jina lake tayari: kufungua akaunti kwa picha ya mtu mwingine. Na aliyefanya hivyo ndiye tunayetakiwa tumwonee huruma kwa sababu anaandika vizuri.

Wanaoitetea filamu watasema: ngoja mwisho. Na kweli, mwisho una mzungusho mzuri. Siku ya uchumba wa Bitti na Pritam, Chirag hatimaye anayatoa yaliyo moyoni mbele ya watu, halafu tunagundua kwamba Bitti alishajua kitambo. Pritam alikuwa amemwambia ukweli. Sherehe yote ilikuwa mtego wa kumlazimisha Chirag aseme kwa kinywa chake alichokuwa anasema kwa kalamu.

Nafurahi kwamba Bitti si mjinga. Ila mzungusho huo una gharama. Nikiulinganisha na Chupke Chupke, vichekesho vya Hrishikesh Mukherjee vya mwaka 1975, naiona wazi. Kule Dharmendra ni profesa wa mimea anayejifanya dereva ili amchezee shere shemeji wa mkewe, bingwa wa kujisifu kwa Kihindi safi. Mke, Sharmila Tagore, yumo kwenye mpango tangu mwanzo. Tunacheka pamoja naye, na aibu yote inamwendea mzee anayejiona anajua kila kitu. Kwenye Bareilly Ki Barfi, kujua kwa Bitti kumefichwa nasi pia. Kwa muda mrefu tumekaa upande wa wanaume wawili wanaomcheza, tukimwona anadanganywa, kisha dakika za mwisho tunaambiwa haraka haraka: alijua. Kilichorukwa ni saa ile alipopata habari. Lazima kulikuwa na usiku ambao Bitti alikaa peke yake akahesabu barua moja moja, akijua kila moja ilitoka kwa mtu aliyekuwa akimtazama usoni mchana na kumdanganya. Usiku huo ndio hadithi ya Bitti, na filamu imeukata ili sisi tushtuke vizuri.

Hata sauti inayotusimulia tangu mwanzo ni ya Javed Akhtar, mshairi, na mmoja wa waandishi wawili wa Sholay. Ni sauti tamu, ya mzee anayejua kupiga stori. Lakini hesabu: mwanamume anasimulia habari za mwanamume aliyeandika habari za mwanamke, kwa jina la mwanamume mwingine. Bitti anasoma. Ni kama hiyo ndiyo kazi yake.

Na bado ningemwambia mtu aitazame, kwa sababu ya nyumba ya kina Mishra. Baba (Pankaj Tripathi) anakosa sigara asubuhi, na inayomwokoa ni ya bintiye. Mama (Seema Pahwa) analalamika kwamba huyu msichana ataolewa lini, na katikati ya malalamiko unasikia jinsi anavyomwogopea. Baba huyu anamzungumzia Bitti kama alivyo, bila kumpamba na bila kumwonea haya. Hajaandika kitabu chochote. Bitti amevuka mji mzima akitafuta mtu wa kumwelewa, na mmoja alikuwa nyumbani anamwomba sigara. Filamu haikuutia mkazo ukweli huo, na labda ndiyo maana unagusa.

Sisemi Bitti alikosea kujiona ndani ya kitabu cha Babli. Huko pwani yetu watu wameishi hivyo kwa miongo. Nyimbo za filamu za Kihindi hazikuandikiwa mtu wa Mombasa, na wengi waliozikariri hawakujua maneno yana maana gani. Wakazichukua hivyo hivyo. Waimbaji wa taarabu, Juma Bhalo akiwa mmoja wao, wakabeba mahadhi ya Kihindi wakayatilia maneno ya Kiswahili, na watu wakaposana, wakaachana na kupigana vijembe kwa nyimbo hizo. Hakuna aliyepanda meli kwenda Bombay kumdai mtunzi ndoa. Walichukua kilichowafaa, wakakijaza maneno yao.

Hilo ndilo Bitti hakuruhusiwa. Alipokisoma kitabu pale stesheni, kitu cha kweli kilimtokea: aliona kwamba msichana kama yeye anaweza kuwa shujaa wa hadithi, na hilo likatosha kumrudisha nyumbani. Hapo kitabu kilikuwa kimemaliza kazi yake, awe amekiandika Chirag, Pritam ama nani. Lakini filamu ikamtuma akamtafute mwenye kalamu, kana kwamba kujiona hakuna maana mpaka mwanamume fulani akiri kwamba ndiye aliyekuona. Akampata, na aliyempata alikuwa amemwona Babli.

Nao wakaoana, muziki ukapigwa, na sisi tukafurahi kwa sababu Kriti Sanon na Ayushmann Khurrana wanapendeza wakiwa pamoja. Ila mtambo wa kuchapisha bado uko palepale Bareilly, na sasa ni mali ya mumewe. Kama kutakuwa na sehemu ya pili, naomba Bitti aingie humo siku moja ofisi ya umeme ikiwa imefungwa, aketi, aandike yeye. Na kwenye jalada aweke picha yake.