Watoto Wetu na Mchezo wa Anuarite

Wazazi wa Butembo na Beni, kwenda na watoto parokiani kutazama mchezo wa kuigiza ni jambo jema. Mchezaji aliye hai huwagusa kuliko picha. Lakini mchezo wa Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, twaona huchezwa vibaya: mauaji hurefushwa, rangi nyekundu humwagwa, na watu hucheka vitisho vya Simba. Watoto wa Beni, penye mauaji tangu mwaka 2014, waonyeshwe tena namna mtu anavyochinjwa? Kiini cha kisa ni Anuarite kumsamehe Kanali Olombe, na hapo ndipo wachezaji hupita mbio! Mapigo yasikike tu nyuma ya pazia. Kisha Anuarite aseme neno lake polepole, hata watoto walioketi mwisho walisikie.