Istilahi za Karata za Mashindano: Uhakiki wa Orodha Moja

Orodha tunayoihakiki hapa imetufikia kutoka kwa mfasiri mmoja ambaye kwa muda sasa amekuwa akifasiri makala zihusuzo mashindano ya mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering. Mchezo huu ulitungwa na Richard Garfield, na ukatolewa huko Marekani mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Tofauti yake na karata zetu za kopa, shupaza, uru na pao ni kwamba katika mashindano yake makuu mchezaji hagawiwi karata kutoka rundo moja la watu wote. Huja na fungu lake mwenyewe, alilolichagua nyumbani kutoka katika maelfu ya karata zilizokwisha kuchapishwa. Sheria humtaka awe na karata zisizopungua 60, wala zenye jina moja zisizidi nne, isipokuwa zile karata za ardhi za kawaida. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushindani hufanyika kabla mtu hajaketi mezani, na huko ndiko lugha ya mashindano haya inakozaliwa. Ni lugha ya kuzungumzia mafungu: lipi linapanda, lipi linashuka, na kwa nini.

Mfasiri anastahili pongezi kwa bidii yake, nasi hatumo miongoni mwa wale wanaoona kuwa michezo ya vijana si jambo la kushughulikia wanaistilahi. Lakini ameomba orodha yake ichapishwe, na uzoefu wetu ni kwamba istilahi ikisha kuchapishwa huwa vigumu kuing'oa, hata kama kila mtu anakubali kuwa ni mbovu. Hapana budi tuseme wazi basi: orodha hii isichapishwe ilivyo.

Tuanze na neno lake la kwanza. Fungu la karata anazokuja nazo mchezaji ameliita "deki". Kwa msemaji wa Kiswahili deki ni sakafu ya merikebu, na kupiga deki ni kazi ya mwenye ndoo na tambara. Mtu akisoma kwamba kijana fulani "ameshinda kwa deki yake", ana haki ya kuuliza ameshinda kwa usafi gani. Hapakuwa na haja ya mkopo huu. Neno "fungu" lipo, kila muuza nyanya sokoni analijua, nalo lina maana ya vitu vilivyochaguliwa na kuwekwa pamoja. Wengine wamependekeza "jozi". Sisi tunaliogopa kwa sababu wengi wakilisikia huona vitu viwili.

Kosa la pili ni la aina hiyo hiyo, ila ni zito zaidi. Yako mafungu ambayo hayashindi kwa kupiga kidogo kidogo, bali hungoja mpaka karata mbili au tatu maalumu zikutane, na zikikutana mchezo umekwisha. Haya mfasiri ameyaita "mafungu ya kombo". Lo! Kombo katika Kiswahili ni upande usionyooka. Jambo likienda kombo limeharibika. Mchezaji wa fungu hilo akipatwa na mkosi, ripoti itasemaje? Kwamba kombo lake limekwenda kombo? Sisi tunapendekeza "fungu la kuunga". Kuunga ni kukutanisha vipande hata viwe kitu kimoja, na mpishi naye huunga mboga kwa nazi, wala chakula hakiwi chakula kabla hajafanya hivyo. Mfano wa karibuni utasaidia. Mwaka 2024 karata iitwayo Nadu, Winged Wisdom ilitoka, ikaungwa na karata nyingine za bei ndogo, na mwezi Agosti mwaka huo huo ikazuiwa katika mashindano ya ngazi ya Modern. Ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na zamu moja ya mwenye kuunga iliweza kuchukua muda mrefu hali mpinzani ameketi akitazama tu. Hicho ndicho kisa ambacho neno "kuunga" hukieleza, na "kombo" hukificha.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Mfasiri ameyagawa mafungu mengine katika "mafungu ya uchokozi" na "mafungu ya kuongoza". La kwanza lina ubaya wake: mchokozi ni mtoto anayemtekenya mwenzake darasani, lakini fungu hili halichokozi mtu, linakimbia. Linatoa viumbe vidogo vya bei rahisi tangu zamu ya kwanza, likitaka kummaliza mpinzani kabla hajajipanga. La pili ni baya zaidi. Katika michezo yote tunayoitangaza kwa Kiswahili, kuongoza ni kuwa mbele kwa mabao. Fungu analolikusudia mfasiri kwa kawaida huwa nyuma sehemu kubwa ya mchezo. Kazi yake ni kuzuia, kufuta na kusubiri, kisha kushinda mwishoni kwa karata chache tu. Tangazo la "fungu la kuongoza" linaloongozwa litamchanganya kila msikilizaji. Semeni "fungu la mbio" na "fungu la kuzuia", na mambo yatanyooka.

Lakini hata hapo hatujamaliza, maana kuna swali la dhana lililo nyuma ya swali la neno. Mwaka 1999 Mike Flores aliandika makala ambayo mpaka leo wachezaji huirejea. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba mafungu mawili yanayofanana yakikutana, hapana budi mmoja awe mwenye mbio na mwingine awe mzuiaji, na atakayekosea kutambua nafasi yake ndiye atakayeshindwa. Maana yake ni kwamba mbio na kuzuia si sifa za fungu peke yake kama vile rangi ilivyo sifa ya nguo. Ni nafasi, na nafasi hubadilika kwa kumtegemea aliyeketi mbele yako. Istilahi za mfasiri hazina mlango wa kuingizia fikra hii. "Fungu la uchokozi" haliwezi kugeuka. Likigeuka jina lake limekuwa uongo. Kutoka "fungu la mbio", kwa upande wake, tunapata "mwenye mbio", "kushika mbio", "kuacha mbio", na mwalimu wa mchezo anaweza kumwambia mwanafunzi wake: hapa ungeacha mbio ukazuia. Istilahi isiyozaa vitenzi haifai katika mchezo.

Tunasikitika pia kwamba mfasiri hakuitazama hazina ya michezo yetu wenyewe. Bao la kiswahili, lenye kete 64, limejijengea istilahi zake bila ya msaada wa ofisi yoyote, na neno lake "mtaji" linatumika mezani na dukani bila kumsumbua mtu. Hatusemi kwamba maneno ya bao yahamishwe yote; kutakata na kunamua ni mambo ya bao na yabaki huko. Tunasema tu kwamba wacheza bao waliita jambo kwa kitendo chake.

Machache tutayapitia kwa haraka. Karata zisizozidi 15 ambazo mchezaji huziweka kando ili azibadilishe baina ya mchezo wa kwanza na wa pili, mfasiri ameziita "ubao wa pembeni". Hii ni tafsiri ya neno kwa neno, wala hakuna ubao wowote. Ni karata za akiba, kama walivyo wachezaji wa akiba katika kandanda. Neno "mana", yaani nguvu ya kulipia karata, liachwe. Wasomaji wa Biblia wanalijua kwa maana ya chakula kilichoshuka jangwani, lakini hatudhani watu watachanganyikiwa. Majina ya mafungu mashuhuri nayo yasifasiriwe. Sligh ni jina la Paul Sligh, aliyecheza fungu la aina hiyo mwaka 1996, lililobuniwa na Jay Schneider. Kulifasiri ni sawa na kumfasiri mtu.

"Karata haramu" hatukubaliani nayo hata kidogo. Karata Jace, the Mind Sculptor ilizuiwa katika ngazi ya Standard mwaka 2011, baada ya fungu la Caw-Blade kuyatawala mashindano, huku katika ngazi ya Legacy ikiendelea kuchezwa. Katika ngazi ya Modern ilizuiwa tangu mwanzo wa ngazi hiyo, kisha ikafunguliwa mwaka 2018. Haramu gani hii ya chumba kimoja na halali ya chumba cha pili? "Karata iliyozuiwa" yatosha, na kinyume chake ni "iliyofunguliwa".

Limebaki neno kuu, lile la kutaja hali nzima ya mafungu yanayotarajiwa kuletwa mashindanoni, hali ambayo mchezaji huipima ndipo achague lake. Mfasiri ameandika "mchezo wa juu". Mpenzi wa kandanda atafahamu mipira ya vichwa. Na fungu linalotawala hali hiyo ameliita "fungu la turufu", kosa ambalo hatukulitarajia kwa mtu anayejua karata. Turufu hushinda kwa kanuni: ikishatajwa, hata ile ndogo yake huila kubwa ya rangi nyingine. Fungu linalotawala halina kanuni ya kulilinda. Hutawala kwa sababu ya mafungu mengine yaliyoko, na hayo yakibadilika laweza kuanguka.

Mwaka 2004 ni ushahidi. Fungu la Affinity lilijengwa juu ya karata za vyombo, na kila chombo kilichokuwa mezani kilipunguza bei ya vingine, kiasi kwamba mchezaji aliweza kumwaga karata zake zote katika zamu chache. Mwezi Juni karata Skullclamp ilizuiwa katika Standard, lakini fungu halikufa. Wachezaji wengine wakawa na njia mbili: kulicheza wao wenyewe, au kuyajaza mafungu yao karata za kuvunja vyombo. Hawa wa pili walipata nafuu dhidi ya Affinity, lakini karata hizo hizo zikawa mzigo mkononi kila walipokutana na mtu asiye na vyombo. Mambo yaliendelea hivyo mpaka Machi 2005, karata nane zaidi zilipozuiwa kwa mara moja, zikiwemo Arcbound Ravager na ardhi sita zilizohesabiwa kuwa vyombo.

Kwa hali kama hiyo tunapendekeza "mkondo". Mkondo unasukuma, lakini mtu aweza kuufuata, kuukata, au kwenda kinyume chake akijua gharama yake; una majira; na haukai. Mchezaji "husoma mkondo", fungu "hushika mkondo", na kuzuiwa kwa karata "hugeuza mkondo". Tumewajaribia vijana wachache sentensi hizi, nao wakazitumia kabla hatujamaliza kueleza.

Kuhusu mafungu yasiyo ya mbio wala ya kuzuia, ambayo mfasiri ameyaita "ya katikati", bado hatujaridhika. Katikati ni mahali, na fungu hili halikai mahali: kwa mwenye mbio hugeuka kuwa mzuiaji, na kwa mzuiaji hugeuka kuwa lenye mbio. Mmoja wetu anapendelea "fungu la kigeugeu", mwingine anasema neno hilo lina harufu ya tusi. Msomaji aliye na neno bora atuandikie kabla ya toleo lijalo.