Pongezi kwa Fundi wa Kompyuta
Katika kazi za mikono zilizozuka mijini mwetu miaka hii ya karibuni, sioni iliyo na adabu ya fikra kuliko ya fundi wa kompyuta, ambaye, akiletewa mashine iliyogoma kuwaka, hakurupukii bisibisi, bali humsaili kwanza mwenye mali: je, taa yawaka, feni yavuma, au ni kioo tu kilicho giza? Maana isiyowaka kabisa ina maradhi yake, na ile iwakayo ikakwama kabla ya kufungua Windows ina yake mbali.

Mtazame basi Kariakoo, mezani pake: hupima chaja kwa mita, akitaraji volti 19 au karibu yake kwa mashine nyingi, huchomoa betri, akabonyeza kitufe cha kuwashia kadiri ya sekunde 30 ili masalio ya umeme yatoke, kisha hutoa kipande cha RAM, akayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, taratibu, akakirudisha hata kikanasa kwa mlio mdogo. Wallahi, mara nyingi hilo latosha, na wapo wasio na insafu ambao wangetoza bei ya bodi nzima.

Lakini fadhila yake iliyo kuu, kwa rai yangu, ni amana: haweki Windows upya kabla ya kuzihamisha nyaraka za mteja, na akisikia diski ikigonga-gonga ndani, huizima papo hapo, akamwambia mwenyewe, japo ni uchungu kusikia, kwamba kila kuiwasha tena kwaweza kuangamiza kilichosalia.