Hujuma Bila Mhalifu: Filamu ya The East Mbele ya Hali Halisi ya Busia na Tororo

Filamu ya The East (2013), iliyoongozwa na Zal Batmanglij na kuandikwa naye pamoja na Brit Marling, inaibua swali zito: kampuni inapoyatia mazingira sumu bila kuadhibiwa, je, hujuma dhidi yake ni halali? Sarah, mpelelezi wa shirika binafsi linalolinda kampuni kubwa, anajipenyeza katika kikundi cha siri cha walipiza kisasi. Wakuu wa kampuni ya dawa wananyweshwa dawa yao wenyewe; mkuu wa kiwanda cha kemikali analazimishwa kuoga katika maji aliyoyachafua.

Taharuki ipo, ila swali linatelekezwa. Mapenzi na msukosuko wa nafsi ya Sarah vinatwaa nafasi ya wanywaji wa maji hayo, ambao wanatajwa kama ushahidi tu. Udhaifu wa msingi ni dhana kwamba uchafuzi ni siri, na kwamba siri ikifichuliwa dawa imepatikana.

Dhana hiyo haisimami mpakani mwa Uganda na Kenya. Huko Tiira, wilayani Busia, wachimbaji wadogo wa dhahabu huchanganya mawe yaliyosagwa na zebaki kwa mikono mitupu, kisha huchoma donge linalopatikana. Kazi hiyo hufanyika mchana kweupe, na anayedhurika kwanza ni yule yule anayetafuta karo ya watoto wake. Zebaki ikishafika majini haijui forodha: Mto Sio, ambao kwa sehemu ndio mpaka wenyewe, humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Tororo nako, ambako saruji imetengenezwa tangu miaka ya 1950, kiwanda kinaonekana na kila mpita njia. Suala la vumbi huamuliwa kwa leseni na ukaguzi, wala halihitaji mpelelezi.

Hapa neno lenyewe lina uzito. Kampeni ya mwaka 1983 nchini Tanzania dhidi ya wahujumu uchumi iliifunga hujuma na mtu wa kukamatwa. Filamu hii inafikiri vivyo hivyo, na fikra hiyo ikihamia katika sera, anayekamatwa huwa mnyonge. Mwezi Agosti 2017, huko Mubende, jeshi la Uganda liliwafurusha wachimbaji wadogo kwa maelfu. Kumfurusha mchimbaji hakumfundishi njia ya kupata dhahabu bila zebaki.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka ule ule wa 2013 na kuanza kutumika 2017. Hauna taharuki: unadai mipango ya kitaifa ya kupunguza zebaki katika uchimbaji mdogo na udhibiti wa biashara yake. Filamu itakayowafaa Wasamia na Wateso wa pande zote mbili za mpaka ingeanzia kwenye karai la zebaki, kwa Kiswahili cha sokoni wanachoshirikiana, na kuuliza ni nani anayeiuza, inapitia wapi, na mchimbaji atakula nini akiiacha. The East haikuuliza hata moja kati ya maswali hayo.