Ripoti ya ngitili ilihesabu kila kitu, isipokuwa ndani ya mti

Msomaji, kama umewahi kupita Didia mwezi wa kumi, unaijua ile hali: vumbi, nyasi kavu, na migunga imesimama utadhani kuni. Mvua ikinyesha, mingine inachipua, mingine haiamki tena. Kwa nini?

Swali hilo nililipeleka kwenye ripoti ya mwaka 2005 ya Monela na wenzake kuhusu ngitili za Shinyanga, iliyotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na IUCN. Ni kazi nzuri, nasema wazi. Inaonyesha jinsi uoto ulivyorudi chini ya mradi wa HASHI, ulioanza 1986, na inakadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Kuni, dawa, asali, malisho: vyote vimepigiwa hesabu.

Kinachokosekana ni mti wenyewe. Hebu tuupasue. Maji hupanda kupitia mirija ya zailemu. Mrija wenye upana mara mbili ya mwenzake unaweza kupitisha maji mara 16. Masika hiyo ni neema. Lakini kiangazi kikikaza, maji huvutwa kwa nguvu mpaka hewa inapenya na mrija unaziba. Mara nyingi mti hauizibui mirija hiyo, unajenga mipya mvua zikirudi. Na mtaji wa ujenzi ni wanga uliowekwa kwenye parenkima, yaani zile seli hai za shina na mizizi.

Sasa, hili si la maabara tu. Kwa desturi ya Wasukuma, ngitili hufungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi. Tumezoea kuiita akiba ya malisho, na ni kweli. Lakini huo ndio muda ambao mti uliopigwa na ukame unatumia akiba yake kujijenga upya. Ukiingiza mbuzi au shoka wakati huo, machipukizi yanakwisha kabla hayajarudisha wanga. Rudia hivyo mwaka hadi mwaka, kisiki kinakufa, huku kwenye karatasi hekta ni zilezile.

Kwa hiyo ripoti zijazo zipime hekta, sawa. Ila mwaka unaofuata ukame, mtu ashuke kwenye gari, ahesabu visiki vilivyochipua.