Stendi ya Maua Isiyo na Ua

Safari hii sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki sebule. Msicheke! Sebule nayo ina fani na maudhui, ina mhusika mkuu na wahusika wadogo, na mara nyingine ina uongo mwingi kuliko hadithi zetu.

Sebule ninayoisema ni ile ya mtindo wa uchache. Kuta nyeupe, kochi moja jembamba lisilo na nakshi, sakafu inayong'aa kama kioo, halafu pale konani stendi, yaani kile kiguzo chembamba cha kuwekea maua. Juu yake kuna chombo kimoja cha udongo, na ua lenyewe halimo. Basi, imetoka hiyo. Picha zake zimejaa kwenye simu zetu, na mafundi seremala wa Keko hapa Dar es Salaam wanaonyeshwa picha hizo hizo na wateja: fundi, nitengenezee kama hii.

Hoja yangu ni moja tu, na nitaishikilia mpaka mwisho. Uzito wa maisha hauondoki nyumbani kwa sababu tumeondoa vitu. Unahama. Kwa hiyo mbele ya kila sebule tupu mhakiki aulize: umehamia wapi, na nani anaubeba sasa?

Tuanze na stendi yenyewe. Kazi yake si kubeba chombo tu. Chungu kile kile kikiwa jikoni kina masizi, hakuna anayekitazama. Kipandishe juu ya kiguzo, kipe ukuta mweupe nyuma yake, utaona wageni wanashusha sauti. Kiguzo ni kama mshereheshaji wa harusi: kinakuambia nani wa kutazamwa. Hapo ndipo hatari ilipo, maana mshereheshaji hodari anaweza kumsifia yeyote. Waandishi chipukizi, mnanielewa. Ukiandika kuwa Rehema alikuwa msichana wa ajabu asiye na mfano, halafu Rehema mwenyewe hafanyi lolote kurasa arobaini nzima, umejenga stendi ukasahau chombo.

Lakini kiguzo si adui. Constantin Brancusi, mchonga sanamu aliyezaliwa Romania mwaka 1876 na kuishi Paris tangu 1904, alichonga mwenyewe vitako vya sanamu zake. Aliweka mbao juu ya jiwe, jiwe juu ya mbao, mpaka mtazamaji asijue kitako kinaishia wapi na sanamu inaanzia wapi. Mwaka 1938, katika mji wa Târgu Jiu huko Romania, ilisimamishwa Nguzo Isiyo na Mwisho aliyoibuni kuwakumbuka askari waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Ni vipande vya chuma vya umbo moja vilivyopandana, kimo chake karibu mita 30, na juu kabisa hakuna kitu. Nguzo haikubeba sanamu. Nguzo ndiyo sanamu. Mbele ya kazi ile huulizi chombo kiko wapi. Uzito wote uko machoni pako, na nguzo inaubeba bila kumsingizia mtu.

Sasa tuje kwenye viti. Eero Saarinen, mzaliwa wa Finland aliyehamia Marekani akiwa kijana mwaka 1923, alichukizwa na miguu ya viti na meza. Wingi wa miguu ile chini ya meza aliufananisha na mtaa wa mabanda. Dawa yake ikawa viti na meza vya mguu mmoja unaochanua chini kama kitako cha bilauri, vilivyotoka mwaka 1957 kupitia kampuni ya Knoll. Ni vizuri, sitadanganya. Kiti kinaonekana kama kimechipuka sakafuni.

Ila msomaji, igonge ile shina kwa kidole. Saarinen alitaka kiti kizima kiwe cha plastiki, kitu kimoja toka juu mpaka chini. Plastiki ya wakati ule haikuweza kubeba mtu kwa mguu mmoja mwembamba. Ikabidi kikalio kiwe cha nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa plastiki, na mguu uwe wa aluminiamu, kisha mguu upakwe rangi ufanane na kikalio. Umoja ule ni rangi! Miguu minne imeondoka, uzito wake umehamia kwenye chuma ambacho hatutakiwi kukijua. Na sisi tuliokulia uswahilini tuna la kuongeza kuhusu ile tamathali yake: ukibomoa mtaa wa mabanda, mtaa hauishi. Unahamia bondeni.

Wa tatu ni Donald Judd wa Marekani, aliyefariki mwaka 1994. Katika miaka ya 1960 aliviondoa kabisa viguzo kwenye sanaa yake: maboksi yake aliyaweka moja kwa moja sakafuni au ukutani. Baadaye alihamia Marfa, mji mdogo wa jangwani huko Texas, na kwa kuwa hakukuwa na samani za maana za kununua pale, alibuni vitanda vya watoto wake na meza kwa mbao za kawaida zilizokatwa mistari iliyonyooka. Msimamo wake ulikuwa kwamba kiti si sanaa. Kiti kiwe kiti, kikalike. Kwangu mimi huyu ndiye mwalimu wa uchache. Alianza na haja ya watoto kulala, hakuanza na macho ya mgeni. Sasa angalieni kejeli ya dunia: leo samani zenye jina lake zinauzwa kwa maelfu ya dola. Mtu aliyekataa viguzo kapandishwa kwenye kiguzo.

Kabla hatujadhani kuwa sakafu tupu imeletwa na wageni, turudi pwani yetu wenyewe. Nyumba za kale za mawe za Lamu zina vyumba virefu vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Huwezi kuilazimisha chumba cha mita sita. Ungejaza makabati humo ungepita wapi? Wajenzi wakaupa ukuta kazi. Wakajenga zidaka, safu juu ya safu, kwa chokaa iliyonakshiwa, na ndani yake vikapangwa vyombo vya kauri vilivyovuka bahari toka China. Ukuta wenyewe ndio kiguzo. Sakafu iko huru na vitu havikufichwa. Pale uzito ulihamia mahali palipojengwa kuubeba, na kila mtu aliuona.

Nakuja sasa kwetu, vyumba vya kupanga. Chumba kimoja: kitanda, pazia katikati, ndoo mbili za maji, jiko la gesi, beseni la vyombo, sanduku la nguo juu ya kabati, na viatu vya watu watatu mlangoni. Hiyo stendi ikae wapi, darini? Mwenye nyumba kubwa anapotangaza uchache, ana stoo. Vitu vyake havijapungua, vimefungiwa. Na ile sakafu nyeupe inayoonyesha kila unywele, anayeipiga deki asubuhi na jioni ni dada wa kazi, ambaye kwenye picha hayumo. Huo ndio uzito uliohama. Halafu kijana wa chumba kimoja anatazama picha ile, anajiona mchafu na asiyestaarabika kwa sababu ndoo yake inaonekana. Hapo nakasirika. Kukosa mahali pa kuficha ndoo si kukosa ladha.

Mtasema natetea mambo ya kizamani. Hapana. Lile kabati la vioo lililojaa glasi ambazo hata mwenyewe haruhusiwi kunywea, na makochi yaliyojaza chumba mpaka mgeni anapita kiubavuubavu, nayo ni mazuga ya aina yake. Uchache una heshima yake kwa fundi pia. Kwenye kiti chenye nakshi nyingi, kiungo kibovu kinaweza kujificha chini ya ua la kuchonga. Kwenye ubao mtupu wa mninga hakijifichi. Fundi wa kiti rahisi anafanya kazi ngumu kuliko tunavyomlipa.

Na somo hili ni letu, ndugu zangu wa kalamu. Siku hizi tunaambiwa tupunguze maneno, hadithi iwe fupi, sentensi iwe kavu. Sawa. Lakini ukifuta ukurasa wa huzuni ya mama, huzuni ile haijafa. Imehamia kwenye sentensi iliyobaki, labda ile ya sahani ya nne aliyoiweka mezani kwa mazoea. Je, sentensi hiyo inaweza kuibeba? Ikiweza, umeandika. Isipoweza, umetuachia stendi na chombo kitupu, na kutuomba tushushe sauti.

Anayebisha alete makala, kurasa zipo. Ila asitume picha ya sebule yake kabla hajatuonyesha stoo.